Video ya ORS na zinki kwa kliniki za Moshi: jibu kwa msomaji

Swali: "Shikamoo. Sisi ni kikundi kidogo cha hisani hapa Moshi, tunasaidia kliniki tatu za mama na mtoto. Tunataka kutengeneza video ya kuwaelimisha wazazi kuhusu kuharisha kwa watoto: chanzo, usafi wa choo, matibabu, chanjo, yote kwa pamoja, kama dakika kumi na tano hivi. Tuna shilingi 2,400,000, na kijana anayepiga video za harusi na kipaimara amejitolea kutusaidia. Wafadhili wetu wa nje nao wanataka kuiona. Tuanzie wapi, na nembo zao tuziweke wapi?"

Marahaba. Anzeni kwa kupunguza. Dakika kumi na tano zenye chanzo, choo, matibabu na chanjo ni somo la darasani, na mama aliyekaa kwenye benchi la kliniki hayuko darasani. Anasubiri jina lake liitwe, mtoto analia, jirani anamsemesha. Atatoka hapo na jambo moja kichwani, na ni juu yenu kuamua litakuwa lipi. Ushauri wangu: tengenezeni video moja ya dakika tatu, inayomfundisha mzazi kuchanganya ORS (unga wa chumvi na sukari wa kurudisha maji mwilini) sawasawa, kumnywesha mtoto na kumaliza dozi ya vidonge vya zinki. Kunawa mikono, choo na chanjo ya rota (kirusi kinachoharisha watoto) ni video nyingine, kila moja kwa wakati wake.

Nimechagua hilo kwa sababu ndipo watu wanapokosea wakiwa peke yao nyumbani, dawa ikiwa tayari mkononi.

Kosa la kwanza ni maji. Pakiti za ORS zinazotolewa vituoni kwa kawaida ni za lita moja (someni zile za kliniki zenu, maana zipo pia za nusu lita). Chupa iliyopo nyumbani mara nyingi ni ya lita moja na nusu, au pana kikombe tu, au jagi ambalo hakuna anayejua linabeba kiasi gani. Pakiti ya lita moja ikimiminwa kwenye lita moja na nusu, dawa inakuwa hafifu. Ikimiminwa kwenye kikombe inakuwa kali, na hapo ndipo penye hatari kubwa zaidi: chumvi inazidi kwenye damu, inavuta maji kutoka kwenye seli, na mtoto anaweza kufikia degedege. Mchanganyiko ambao WHO na UNICEF waliupitisha mwaka 2002 umepigiwa hesabu ya lita moja: sodiamu (ya kwenye chumvi) milimoli 75, na vyote vilivyoyeyuka kwa jumla milimoli 245. Ukiharibu uwiano huo umeharibu dawa yenyewe.

Kosa la pili ni matarajio. Mzazi anadhani ORS itafunga tumbo. Kazi yake ni kurudisha maji na chumvi zilizopotea, na mtoto anaweza kuendelea kuendesha siku kadhaa huku anapata nafuu. Asipoambiwa hivyo mapema, siku ya pili anaiacha na kwenda duka la dawa kuomba antibiotiki. La tatu ni zinki: choo kikishakuwa kigumu siku ya tatu, vidonge vilivyobaki vinawekwa kabatini.

Sasa gawanyeni sekunde 180 kufuatana na makosa hayo, wala msizigawe sawa kwa sawa. Sekunde 15 za mwanzo: mama nyumbani, mtoto ameharisha choo cha maji mara tatu tangu jana, sauti inasema maji yanamtoka mwilini na yanahitaji kurudishwa. Sekunde 15 zinazofuata: ORS inarudisha maji, haizuii kuharisha papo hapo. Kisha sekunde 60 nzima, theluthi ya video yote, ziwe za kuchanganya. Kunywesha sekunde 30, zinki 25, dalili za hatari 25. Kumi za mwisho zirudie neno la lita moja na zioneshe mwezi na mwaka video ilipotengenezwa.

Sehemu ya kuchanganya ndiyo nitakayokaa nayo kidogo, maana video nyingi huikimbia. Maji yaonekane yakitoka kwenye sufuria, yamechemshwa na kupoa, yakijazwa kwenye chupa mbili za nusu lita zilizosafishwa. Ondoeni lebo za chupa: mkiziacha mnatangaza biashara ya mtu, na baya zaidi, mama asiye na hela ataelewa kwamba lazima anunue maji ya dukani. Mikono inanawa kwa sabuni. Chupa ya kwanza inamiminwa kwenye jagi hadi tone la mwisho, kisha ya pili, bila kukata picha katikati. Hapo mhariri atataka kufupisha, mkatalieni. Picha ikikatwa, mtazamaji haoni kama chupa zote mbili ziliisha, na hilo ndilo somo lenyewe. Pakiti inakatwa kwa mkasi, unga wote unamiminwa, pakiti inakung'utwa, maji yanakorogwa mpaka yawe maangavu. Hakuna kuongeza sukari, juisi wala soda, na dawa ikishachanganywa haichemshwi tena. Jagi linafunikwa. Iliyochanganywa leo asubuhi, kesho asubuhi kama hii inamwagwa na kuchanganywa nyingine, kwa sababu baada ya saa 24 bakteria huweza kuwa wameshaongezeka humo.

Kamera ikae nyuma ya bega la anayechanganya, ikitazama chini, ili mtazamaji aone mikono kama anavyoiona yake. Unga wa ORS ni mweupe. Kwenye meza nyeupe hauonekani. Tandikeni kitenge cha rangi ya giza kisicho na maua mengi, tumieni jagi linaloonesha ndani, na mwanga utoke ubavuni ili usawa wa maji usomeke vizuri.

Kunywesha: kikombe na kijiko, chupa ya chuchu isionekane mahali popote. Mtoto wa chini ya miaka miwili apewe mililita 50 hadi 100 kila baada ya kuharisha. Wa miaka miwili na kuendelea, mililita 100 hadi 200. Mililita haina maana jikoni, kwa hiyo pimeni kabla ya siku ya kurekodi. Chukueni kikombe cha plastiki cha kawaida cha mililita 200, kipimeni kwa bomba la sindano lisilo na sindano, ndipo msauti (msimulizi) aseme "robo hadi nusu kikombe" huku picha ikionesha kikombe hichohicho. Akitapika, mama anasubiri dakika kumi, kisha anaendelea polepole, kijiko baada ya kijiko. Onesheni pia kwamba mtoto anaendelea kunyonya, na aliyekwisha anza kula anapewa chakula laini: uji, au mtori, ambao kila nyumba ya Uchagani inao.

Zinki, kwa kipimo kilichozoeleka, ni miligramu 20 kwa siku kuanzia miezi sita. Chini ya hapo ni miligramu 10, yaani nusu ya kidonge cha 20. WHO wanasema siku 10 hadi 14. Ninyi tajeni idadi moja tu, ile ambayo kliniki zenu zinatoa, la sivyo mama na muuguzi watabishana. Kidonge kinawekwa kwenye kijiko chenye maji safi kidogo, au maziwa ya mama yaliyokamuliwa kwa kichanga, na kinayeyuka chini ya dakika moja. Semeni sababu ya kumaliza: dozi kamili inampunguzia mtoto uwezekano wa kuharisha tena katika miezi miwili mitatu ijayo. Mzazi akijua anachokipata, vidonge havibaki kabatini.

Dalili za hatari ziwe chache na zisemwe kwa picha: hawezi kunywa wala kunyonya, anatapika kila kitu, ana damu kwenye choo, ana degedege, amelegea na haamki vizuri, macho yamezama. Sauti iseme: nenda kituo cha afya sasa hivi. Msirekodi mtoto mgonjwa kweli. Mtoto mzima aliyelala usingizi na mchoro wa macho yaliyozama vinatosha, na hakuna mzazi anayestahili mwanawe aonekane hivyo kwenye simu za mtaa mzima.

Watakaosoma muswada wenu watawashauri muongeze maji ya sukari na chumvi ya nyumbani. Kwa video hii kataeni. Mapishi mawili ndani ya dakika tatu yanachanganyikana kichwani, na kosa la kijiko cha chumvi ni kosa zito.

Muswada uandikwe kwenye karatasi yenye safu mbili, picha kushoto na maneno kulia. Kwa sekunde 180 maneno ya msauti yasizidi 250 hadi 270. Kiswahili kina maneno marefu, na mikono inahitaji kimya ili ionekane ikifanya kazi. Mpeni daktari wa watoto mmoja na muuguzi mmoja wa kliniki. Hospitali za KCMC na Mawenzi, hapo Moshi, zote zina watu wa kazi hiyo. Waombeni waweke sahihi kwenye kila kipimo. Kamati ya watu kumi msiiunde, na yeyote anayeongeza sentensi aoneshe ni ipi itoke.

Kabla kamera haijawashwa, jaribuni. Pigeni picha za kawaida kwa simu, kama 20, rekodini sauti kwa simu hiyohiyo, ziunganisheni. Nendeni kliniki na mama sita hadi wanane, mmoja mmoja. Msiulize kama wameipenda; kila mtu atasema ni nzuri, kwa adabu. Mpeni mama pakiti, chupa za ukubwa mbalimbali, jagi, kikombe na kijiko, kisha semeni: "Mama, tuandalie." Nyamazeni na muandike mkono unaposita. Wawili wakikosea mahali pamoja, kosa ni la muswada. Rekebisheni, mjaribu na wengine wapya. Marekebisho ya hatua hii ni ya bei ya vocha. Yale ya baada ya kurekodi ni ya siku nzima ya watu na vifaa. Kwa hiyo kwenye hela zenu ningetenga 600,000 kwa muswada, wakaguzi na majaribio, 900,000 kwa siku mbili za kurekodi, 500,000 kwa uhariri na sauti, na 400,000 zibaki kwa majaribio ya mwisho na usambazaji. Vikundi vingi humaliza zote kwenye kamera, kisha video inabaki kwenye kompyuta ya mtu.

Vibali vianze kushughulikiwa wiki hizohizo. Mganga mkuu wa manispaa au wa wilaya ajue, na mganga mfawidhi wa kila kituo mtakachorekodi atoe ruhusa kwa maandishi. Kwa ukaguzi wa ujumbe wenyewe, ulizeni kwa mratibu wa elimu ya afya wa halmashauri namna ya kuufikisha Wizara ya Afya. Kibali cha kurekodi ni suala la Bodi ya Filamu Tanzania, na afisa utamaduni wa halmashauri ndiye mlango wa karibu. Kila anayeonekana asaini ridhaa iliyoandikwa kwa Kiswahili, na mzazi amsainie mtoto. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za afya na za watoto kuwa nyeti. Mwambieni mtu ukweli wote: akibadili mawazo mtaiondoa mlikoiweka ninyi, lakini iliyokwisha sambaa kwenye WhatsApp hairudi.

Kijana wenu wa harusi anajua kushika kamera na kumaliza kazi kwa wakati, na hilo ni jambo kubwa. Mazoea machache tu ayaweke pembeni: kupunguza kasi ya picha, kupita kutoka picha hadi picha kwa madoido, na muziki mfululizo. Aweke fremu (picha) 25 kwa sekunde na shata, yaani muda wa kuingiza mwanga kwa kila picha, 1/50. Umeme wetu ni wa hezi 50 na taa hupepesa mara 100 kwa sekunde, hivyo akirekodi kwa 30 na shata 1/60 chini ya taa za mirija, mistari itatembea kwenye picha. Afunge umbali na mwanga wa kamera kwa kugusa uso wa mtu na kushikilia. Kamera ikiachiwa iamue yenyewe, ukuta mweupe au koti la muuguzi litaifanya ipunguze mwanga, na uso wa mama utakuwa kivuli. Jua letu la saa sita liko utosini na linaweka vivuli machoni. Nje rekodini kati ya saa moja na saa tatu na nusu asubuhi, au baada ya saa kumi jioni. Mlima Kilimanjaro hauhitajiki nyuma ya mama. Ukifunguka watu watautazama, na chupa hawataiona.

Sauti mbovu huua video kuliko picha mbovu. Maiki ya kubana kwenye nguo ikae sentimita 15 hadi 20 chini ya kidevu, isisugue khanga, na mtu mmoja avae hedfoni muda wote. Nyumba ya bati msiitegemee wakati wa masika, Machi hadi Mei: mvua ikianza, kazi imekwisha. Friji izimwe, na wekeni ufunguo wa gari ndani yake ili mtu asisahau kuiwasha tena. Kaeni mbali na barabara ya bodaboda, na karibu na soko la Mbuyuni msithubutu. Katika kila chumba rekodini sekunde 30 za kimya cha chumba hicho, mhariri atazihitaji kuziba mapengo.

Sababu kubwa ya kutumia sauti ya msimulizi badala ya mama anayeongea mbele ya kamera ni lugha. Picha ya mikono inaweza kuvishwa sauti nyingine bila midomo kupingana na maneno. Leo mna Kiswahili. Mkifika Longido au Simanjiro mtataka Kimaasai, na kwa bibi wa Rombo Kirombo kitaingia zaidi. Hifadhini sauti, muziki na maandishi kila kimoja peke yake, na kila picha iachiwe robo ya muda wa ziada, kwa kuwa tafsiri hurefuka.

Maandishi kwenye video yawe na kimo cha angalau pikseli 54 kwenye picha ya 1080 (kimo cha picha kwa pikseli), mistari miwili, herufi zisizozidi 32 kwa mstari, na yasikaribie ukingo kwa asilimia kumi, maana televisheni nyingi za vituoni hukata pembeni. Ni ya lazima: kliniki ina kelele, na mara nyingi sauti ya televisheni imezimwa. Msimulizi awe kwenye kiwango cha LUFS −16 (kipimo cha ukubwa wa sauti), na muziki, kama upo, desibeli 18 hadi 20 chini yake. Wakati wa kuchanganya usiwepo kabisa.

Toeni nakala mbili. Ya televisheni: MP4 ya H.264 (njia ya kubana picha), 1080, kwenye flashi iliyofomatiwa FAT32, kwa kuwa televisheni nyingi za zamani hazisomi mifumo mingine. Simu mpya nyingi zinaweza kurekodi kwa H.265, njia mpya zaidi, na faili hilo likiwekwa moja kwa moja kwenye televisheni ya kituo mara nyingi hutoa sauti bila picha. Ya simu: 480, isiyozidi megabaiti 16. Kwa sekunde 180 hiyo ni kama kilobiti 700 kwa sekunde, 620 za picha na 64 za sauti. Mikono itaonekana vizuri na bando la mama halitaisha. Ipitisheni kwa wahudumu wa afya ngazi ya jamii, vikundi vya VICOBA, na baada ya ibada mkiruhusiwa usharikani, parokiani na msikitini. Muuguzi anayetoa elimu ya asubuhi aioneshe, kisha amwite mama mmoja achanganye pakiti halisi mbele ya wenzake. Hapo ndipo video inapofanya kazi yake yote.

Wafadhili sasa. Wanachotaka kuona ni tofauti na anachohitaji mama, na video moja ikijaribu kuwaridhisha wote wawili, anayepoteza ni mama: sekunde 20 za nembo mwanzoni, mkurugenzi anasalimia, wanakijiji wanashukuru, na benchi lote limeshageukia simu zao. Kwenye video ya elimu nembo ziwe pamoja kwenye fremu ya mwisho, sekunde tatu, kwa ukubwa uleule. Kwa wafadhili kateni nyingine ya dakika moja na nusu kutoka kwenye picha mlizonazo: jinsi muswada ulivyojaribiwa, mama akiandaa ORS mbele ya wenzake kwa ridhaa yake, na maneno ya muuguzi. Iwekeeni maandishi ya lugha yao. Waandikieni pia matokeo ya majaribio, kabla na baada ya kutazama: wangapi walipima lita moja sawasawa, wangapi walijua kwamba zinki inaendelea hata kuharisha kukikoma. Msiwatumie picha ya mtoto anayelia ili wachangie. Mfadhili mwenye nia njema atazisoma namba hizo, na akiuliza kwa nini jina lake halipo mwanzoni, mwelezeni sababu hiihii niliyowaeleza.